Ampi Nzito Sebuleni: Vidokezo 13 kwa Fundi wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Ukipita Barabara ya Kilwa kuanzia Bungu, ukaingia Kibiti na kuendelea hadi Ikwiriri, utazisikia kabla hujaziona: sabufa za vinyozi, za wanaojaza nyimbo kwenye fleshi, za vibanda vya kuchaji simu. Muziki wenyewe mtamu, ila stika zinachekesha. "Wati 5,000", na radi imechorwa juu yake! Kama umeamua kujitengenezea ampi yako ya sebuleni, yenye nguvu ya kweli na ya kudumu, twende pamoja, tangu kununua hadi kuwasha.

1. Soma fyuzi, achana na stika

Geuza sabufa uangalie fyuzi yake nyuma. Ukikuta ni ya ampea 2, piga hesabu: ampea 2 mara volti 230 ni wati 460. Hapo ndipo mwisho wa umeme inaoweza kuuvuta ukutani kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na sehemu yake inaishia kuwa joto tu. Hizo 5,000 zimetoka kwa mwandika matangazo. Unaponunua bodi au spika, uliza wati za RMS, yaani zile zinazotoka mfululizo wimbo mzima. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, nenda duka la pili.

2. Wati 100 kila upande zinatosha na kubaki

Sikio lina hesabu yake. Ukipanda kutoka wati 100 hadi 200, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, na mgeni aliyekaa kwenye kochi anaweza asigundue. Ili sauti isikike imekuwa maradufu unahitaji wati mara kumi hivi! Kwa hiyo spika nzuri ina faida kuliko ampi kubwa. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja, ikipewa wati 50 inapiga sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya spika. Itafute kabla hujatoa hela.

3. Anza na transfoma

Bodi haizalishi nguvu, inagawa ile iliyoletwa na transfoma. Kwa stereo ya wati 100 kila upande kwenye spika za omu 8, tafuta transfoma ya volti 35-0-35 yenye uwezo wa VA 300 hadi 500. Umeme ukishapita kwenye daiodi na kapasita, zile volti 35 zinapanda hadi karibu 49 kila upande, kwa sababu kilele cha umeme wa AC ni mara 1.41 ya namba iliyoandikwa. Kufunga kapasita za volti 50 hapo ni kutafuta mlipuko. Weka za volti 63 au zaidi, mikrofaradi 10,000 upande wa chanya na 10,000 upande wa hasi. Kama mfuko unaruhusu, chukua transfoma ya duara, maana haimwagi mvumo mwingi kwenye saketi.

4. Pima umeme wa kwenu saa mbili usiku

Juu ya mto huuhuu wa Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Lakini kinachoilisha ampi yako ni ule waya wa mwisho unaofika nyumbani. Kama unakaa mbali na transfoma ya mtaa, saa mbili usiku kila mtu amewasha taa, feni na televisheni, mita inaweza kukuonyesha volti 200 badala ya 230. Kwa volti hizo, nguvu ya ampi inayotumia transfoma ya kawaida inapungua kwa karibu robo. Pima soketi kwanza, ndipo ulaumu bodi. Usiku wa manane mzigo ukipungua, volti zinaweza kupanda tena, na hapo utashukuru uliweka kapasita zenye akiba.

5. Transista za bei ya mtelemko zina siri

Bodi nyingi za nguvu hutumia jozi ya 2SC5200 na 2SA1943. Zile halisi za Toshiba zinahimili volti 230, ampea 15 na joto la wati 150, na ndiyo maana waghushi wakaanza kuziiga. Bandia zimejaa sokoni kote duniani, na Kariakoo nako ukinunua bila kuuliza utaokota. Ukitaka kuhakikisha, nunua chache za ziada, moja uivunje kwa plaizi: ndani ya bandia utakuta kipande cha silikoni kidogo mno kisichoendana na ukubwa wa ganda. Sugua pia maandishi kwa tina. Yakifutika kirahisi, zirudishe. Kwa wati 100 kila upande, weka jozi mbili kwa kila chaneli ili zigawane mzigo.

6. Ipooze, pwani kuna joto

Ampi ya daraja la AB, ambayo ndiyo wengi tunaijenga, ikipiga muziki wa kawaida hugeuza umeme mwingi kuwa joto kuliko inaoupeleka kwenye spika. Sasa fikiria mchana wa Januari, chini ya bati, chumba tayari kina nyuzi 33. Usibane kwenye hitisinki. Tafuta pande nene la alumini lenye mapezi, lisimamishe wima ili hewa ya moto ipande yenyewe, na uweke feni ya kompyuta ya volti 12 kama nafasi ni ndogo. Kila transista iwe na kipande cha maika na grisi ya kupitisha joto, kisha upime kwa mita kuhakikisha mgongo wake haugusani kiumeme na alumini. Kuhusu kitambaa cha mapambo kinachofunika redio sebuleni: mama akikiweka juu ya ampi, mweleze kwa adabu kwamba hapa hakifai.

7. Chumvi inakula kimyakimya

Ukiwa Nyamisati au ndani zaidi kwenye mikoko, hewa yenyewe ina chumvi na unyevu. Shaba ya bodi inaota ukijani, skrubu za chuma zinashika kutu, plagi zinaanza kukwaruza sauti. Ukimaliza kulehemu, safisha bodi kwa spiriti, iache ikauke, kisha paka vanishi ya kuzuia unyevu upande wa njia za shaba, ukiruka sehemu za kuunga waya na zinazopoozwa. Tumia skrubu zisizoshika kutu. Matundu ya hewa yafunike kwa wavu mwembamba, kwani mjusi mmoja akilala juu ya nyaya za umeme wa ukutani, wataondoka wote wawili, yeye na ampi. Kama unasafiri na ampi kwa boti, ifunge kwenye nailoni mara mbili na ukaze boliti ya transfoma. Mawimbi yanaipiga kuliko barabara ya vumbi.

8. Washa mara ya kwanza kwa glopu

Hiki ndicho kidokezo kitakachookoa pesa nyingi kuliko vyote. Chukua glopu ya zamani ya waya, wati 100, uiunganishe kwa mfuatano kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye ampi. Ya LED haifai kwa kazi hii. Viungo vyote viwe vimefunikwa vizuri. Ukiwasha, glopu itang'aa kidogo kapasita zinapojaa, kisha itafifia. Ikiendelea kung'aa, kuna shoti mahali: zima, tafuta, hakuna kilichoungua. Ikififia, chukua mita upime pale pa kutokea spika, spika yenyewe ikiwa bado haijaungwa. Chini ya milivolti 50 za DC ni salama. Ukiona volti kadhaa, usithubutu kuunga spika, koili itaungua upesi. Bodi ndogo ya ulinzi yenye rilei, inayokata spika DC ikitokea, ifunge hata kama ampi imepita mtihani.

9. Imezimwa, bado inauma

Umechomoa plagi, unafungua kifuniko, unaingiza mkono. Ngoja! Kapasita zile bado zina volti 49 kila upande, na ukigusa chanya na hasi kwa pamoja ni karibu volti 100. Kuzigusisha kwa bisibisi kunatoa cheche, kunatoboa chuma na kuharibu kapasita. Shika kwa klipu rezista ya omu 1,000 ya wati 5, iache kwenye miguu ya kila kapasita kwa dakika moja, kisha thibitisha kwa mita. Ukiwa na watoto wanaopenda kukaa karibu na fundi, kifuniko kisibaki wazi hata unapokwenda kunywa chai.

10. Ethi haikatwi kwa sababu ya mvumo

Ampi ikivuma, kuna mjuaji atakwambia ukate waya wa ethi. Mvumo kweli unaweza kuisha, na siku transfoma itakapovujisha umeme kwenye kasha la chuma, atakayeshika kitufe cha sauti ndiye atakayekuwa ethi. Kasha la chuma liungwe kwenye ethi, daima. Mvumo utibu kwa kukutanisha nyaya zote za grandi ya saketi sehemu moja katikati ya kapasita kubwa, na kwa kuziweka nyaya za kuingiza sauti mbali na transfoma. Na masika radi zikianza, chomoa plagi ukutani. Fyuzi haizuii radi.

11. Unatumia sola? Badilisha mchezo

Kwa wanaotegemea sola huko Salale, Mbwera, Kiongoroni na vijiji vingine vya delta, ampi ya transfoma kupitia inveta ni hasara. Inveta ya wati 500 ikibeba mzigo wake wote inavuta zaidi ya ampea 42 kwenye betri ya volti 12. Nunua bodi ya daraja la D yenye chipu ya TPA3116, inayokula volti 4.5 hadi 26, uiunge moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Kwa volti 12 na spika za omu 4 utapata karibu wati 15 kila upande. Usizidharau, ukizipa spika yenye desibeli 91 au zaidi, baraza zima litasikia. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, ina akiba ya wati-saa 600, na bodi hiyo kwa muziki wa kawaida hula chache sana kati ya hizo. Taa za watoto kusomea hazitazimika.

12. Omu zihesabiwe, sauti isipasuke

Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2, na hapo ampi nyingi za nyumbani huanza kunukia. Sanduku litengeneze kwa plaiwudi ngumu, kwa sababu mbao za unga zilizoshindiliwa zinavimba kwa unyevu wa huku. Liinue juu ya sakafu. Waliopitiwa na mafuriko ya masika ya 2024 hapa Kibiti na Rufiji hawahitaji kuelezwa. Wakati wa kupiga, washa simu au redio kwanza na ampi mwisho. Wakati wa kuzima, ampi itangulie. Sauti ikianza kupasuka, rudisha kitufe nyuma, kwani ampi iliyoelemewa ndiyo inayoua twita, hata kama wati zake ni ndogo kuliko za spika. Mvua ikipiga bati, usishindane nayo. Mvua haina fyuzi.

13. Usiku maji hupeleka sauti mbali

Jua likizama, hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ipotelee angani inapindishwa kurudi chini. Ndiyo maana ngoma ya kijiji cha ng'ambo ya mto unaisikia kama iko uani. Basi na wao wanakusikia, pamoja na mgonjwa wao na mtoto wao anayejiandaa na mtihani. Punguza besi kwanza, ndiyo inayopenya kuta. Adhana ikitoka au jirani akifiwa, zima bila kuambiwa. Zipo pia kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira inazisimamia. Masikio yako nayo yana kipimo: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku, lakini kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hadi kufika 100 umebaki na robo saa.

Ukianza mwezi huu, nunua kwa mpangilio huu: mita, glopu, transfoma, hitisinki, spika, kisha bodi. Hela ikibaki, usiongeze wati. Ongeza ubora wa spika.