Kuufuata Ufa wa Tembe kwa Kompyuta

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, lipo tembe walimokaa Stanley na Livingstone tangu Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti. Matembe ya namna hii, yenye kuta nene za udongo na paa bapa, yalipokea misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Na hadi leo watu wengi wa Unyamwezi wanalala ndani ya kuta za tofali bichi. Ukitaka kujua ufa wa ukuta wa aina hiyo utaelekea wapi, unaweza kuuiga kwenye kompyuta. Programu huria kama FEniCS na kompyuta ya mkononi zinatosha kwa ukuta mmoja.

Anza na udongo. Finyanga matofali kwa udongo uleule wa ukuta, uyaache yakauke kabisa kivulini. Chukua tofali lenye upana na kimo cha sentimita 10, liweke juu ya nondo mbili zilizoachana sentimita 30, ning'iniza ndoo katikati, kisha mimina maji taratibu mpaka likatike. Tuseme limekatika kwa kilo 34, ndoo na maji pamoja: mkazo wa kupindwa ni karibu megapaskali 0.15. Nguvu ya kuvutwa huwa chini ya hapo, kwa hiyo anza na 0.1. Vunja matofali kumi hivi, maana udongo hutofautiana tofali kwa tofali, na uandike yote, hata lile lililokatika mapema. Ugumu wa udongo na nishati ya kuupasua havipimwi kwa ndoo. Hivyo vinahitaji mashine ya maabara inayosukuma polepole.

Nishati hiyo ndiyo kiini cha kazi. Mwaka 1921 Griffith, aliyekuwa akipasua vioo, alionyesha kuwa ufa husonga pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia uso mpya unaofunguka. Francfort na Marigo mwaka 1998 waliligeuza wazo hilo kuwa hesabu ya kutafuta nishati ndogo kuliko zote, na miaka miwili baadaye wakiwa na Bourdin wakalifikisha kwenye kompyuta: ufa unachorwa kama utepe wenye kiwango cha uharibifu, 0 mahali udongo ni mzima na 1 mahali umekatika. Naipendelea njia hii kwa kuta za udongo kwa kuwa huhitaji kuiambia kompyuta ufa uanzie wapi. Unazaliwa wenyewe, mara nyingi kwenye pembe ya mlango au dirisha.

Upana wa utepe usiuchague kwa macho, kwani ndio unaobeba nguvu ya udongo. Ugumu ukiwa megapaskali 100, nishati ya kupasua jouli 10 kwa mita ya mraba, na nguvu ya kuvutwa megapaskali 0.1, kanuni ya kawaida inatoa karibu milimita 10. Basi elementi za wavu, yaani vipande vidogo ambamo kompyuta huugawa ukuta, zisizidi milimita 5 pale ufa utakapopita. Mbali na hapo ziwe kubwa upendavyo. Hapa ndipo wengi hukosea: elementi zikiwa kubwa, ukuta unaonekana imara kuliko ulivyo na ufa unafuata mistari ya wavu. Chora wavu mwingine, urudie hesabu. Ufa ukihama, usiyaamini matokeo.

Tenganisha pia nishati ya kuvutwa na ya kubanwa, la sivyo uzito wa paa utaupasua ukuta chini kwa kuubana tu, jambo ambalo udongo haufanyi kirahisi hivyo. Kisha uweke kusinyaa: mvua za Novemba hadi Aprili hulowesha, kiangazi hukausha. Punguza unyevu hatua ndogo ndogo, na usiruhusu ufa uliokwisha kufunguka ujiponye.

Mwishoni rudi ukutani. Kwenye nyumba yako, pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila wiki. Kwenye jengo la kale kama la Kwihara usipigilie kitu. Piga picha ukiwa umeshika rula. Kompyuta ikisema ufa unapanda darini, nao ukutani unashuka kwenye msingi, chimbua kidogo uone kama udongo wa chini umelowa. Ukiwa umelowa, punguza ugumu wa safu hiyo kwenye wavu, uendeshe upya.