Wimbo, Matusi na Uchochezi: Tupimeje Maneno Makali?



Mtu akisema maneno makali juu ya kabila au watu fulani, je, anyamazishwe, au aachwe kwa kuwa ana haki ya kusema? Swali hili likiingia mkutanoni, wengi wetu hutazama kwanza ni nani aliyesema. Akiwa wa upande wetu, twasema huo ni uhuru wake. Akiwa wa upande ule, twamwita mchochezi. Ndiyo sababu somo la toleo hili tumelitoa mbali kidogo, Afrika Kusini, ambako wengi wetu hatuna mtu wa kumtetea.

Iko sababu nyingine. Kifungu cha 33 cha Katiba yetu ya 2010 kinafanana sana na kifungu cha 16 cha katiba yao ya 1996. Vyote viwili vinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, halafu vinataja yale ambayo uhuru huo hauyafuniki: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, na kueneza chuki. Mipaka imeandikwa. Kazi ni kujua neno fulani limeangukia upande gani wa mpaka.

Huko Afrika Kusini kuna chama cha mrengo wa kushoto kiitwacho Economic Freedom Fighters, yaani Wapigania Uhuru wa Uchumi. Watu hukiita EFF. Kilianzishwa mwaka 2013 na Julius Malema baada ya kufukuzwa ANC, na wanachama wake huvaa bereti nyekundu. Wanadai ardhi iliyo mikononi mwa wazungu itwaliwe bila fidia. Katika uchaguzi wa 2019 kilipata kura karibu 11 katika kila 100, basi si chama cha watu wachache tu.

Kesi iliyojulikana zaidi inahusu wimbo. "Dubul' ibhunu" ni wimbo wa zamani wa kupigania uhuru, na jina lake lina maana ya kumpiga Kaburu risasi. Ulivuma sana mwaka 1993, wakati watu walipokuwa na uchungu wa kuuawa kwa Chris Hani. Malema aliendelea kuuimba hata baada ya uhuru. Mwaka 2011, akiwa bado kiongozi wa vijana wa ANC, Mahakama ya Usawa iliamua kwamba wimbo huo ni matamshi ya chuki. Alipokuwa na chama chake, AfriForum, shirika linalotetea Waafrikana, lilimshtaki tena. Safari hii mambo yaligeuka. Agosti 2022 korti ilisema si matamshi ya chuki. Mahakama ya Rufaa ilikubali hivyo Mei 2024, na Machi 2025 Mahakama ya Katiba ikakataa kuisikiliza rufaa ya AfriForum.

Hoja ya EFF ilikuwa kwamba Kaburu wa kwenye wimbo siye jirani mzungu mwenye shamba. Ni ule utawala ulionyang'anya watu ardhi. Wimbo ni kumbukumbu na siasa, wala si amri. Majaji walijiuliza: mtu wa kawaida, mwenye akili zake na anayeijua historia ya nchi, akiusikia wimbo huu kwenye mkutano wa siasa, ataelewa kwamba anatumwa kwenda kuua? Wakaona hapana. Pia AfriForum haikuweza kuonyesha kwamba wimbo ndio ulioleta mauaji ya wakulima.

Hata hivyo, mkulima mzungu anayeishi peke yake shambani, ambaye jirani yake ameuawa na majambazi, hausikii wimbo huo kama mwanahistoria. Hofu yake ni ya kweli. Korti haikusema wimbo ni mzuri. Ilisema tu hauvuki mpaka wa sheria, na mambo hayo mawili si mamoja. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika kesi ya mwandishi aliyewatukana mashoga gazetini, ililiondoa katika sheria ya matamshi ya chuki neno linalohusu kuumiza hisia peke yake. Kuumia moyo ni jambo zito, lakini kama kila aumiaye angeweza kumfunga mwenzake mdomo, hata mkutano wa kikundi cha maziwa usingefika mwisho. (Kwani maneno makali kuliko yote hatuyasikii siku ya kugawa faida?)

Vivyo hivyo, waziri Pravin Gordhan alimshtaki Malema kwa kumwita mbwa wa matajiri wazungu. Mwaka 2019 korti ikaitupa kesi. Matusi, ndiyo. Matamshi ya chuki, la.

Basi tungedhani chama hiki kinataka kila mtu aachiwe kusema apendavyo. Sivyo. Septemba 2020 tangazo la dawa ya nywele ya TRESemmé lilitokea kwenye mtandao wa maduka ya Clicks. Nywele za mwanamke mweusi ziliitwa kavu na zilizoharibika, na za mzungu zikaitwa za kawaida. EFF haikusema habari ya uhuru wa kujieleza. Iliamuru maduka yafungwe, na wanachama wakasimama milangoni nchi nzima. Maduka mengine yaliharibiwa. Mwishowe kampuni yenye dawa hiyo ilikubaliana na chama hicho kuiondoa madukani kwa siku 10.

Tangazo lile lilikuwa la aibu, na mama yeyote aliyewahi kuambiwa nywele zake hazifai anajua uchungu wake. Hoja ya chama, ukiyaweka matendo yake pamoja, ni kwamba neno la mwenye nguvu na neno la aliyenyang'anywa hayana uzito mmoja. Kuna ukweli hapo. Lakini chama kilichoomba korti isikilize muktadha wa wimbo wake hakikungoja kusikia muktadha wa mtu mwingine. Na wasichana wauzaji wa Clicks hawakulitengeneza tangazo lile. Kwa maoni yetu hapo ndipo chama kilipopungukiwa: kipimo kilikuwa kirefu kwake na kifupi kwa wengine.

Halafu ikaja kesi ya mwaka 2025. Mzungu mmoja alikuwa amempiga mwanachama wa EFF katika vurugu za shuleni Brackenfell, karibu na Cape Town, mwaka 2020. Mwaka 2022 Malema aliwahutubia wanachama wake, akawakemea kwa kutomfuata mtu huyo, na akawaambia wasiogope kuua kwa sababu mapinduzi hudai kuua. Agosti 2025 Mahakama ya Usawa ilisema hayo ni matamshi ya chuki. Chama kilisema kimeeleweka vibaya na kitakata rufaa. Tofauti na wimbo iko wazi: hapa palikuwa na tukio la juzi, mtu anayejulikana, wasikilizaji wenye hasira, na kiongozi anayewaambia la kufanya.

Sasa turudi kwetu. Madoadoa kwenye kitenge ni madoadoa tu. Lakini mwaka 1992 katika Bonde la Ufa neno hilo lilitumika kwa majirani waliotakiwa kuhama, na nyumba zikachomwa. Likarudi 2007, na ghasia zilizofuata uchaguzi huo ziliua watu zaidi ya 1,100. Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inataka hali zote zitazamwe, siyo neno peke yake. Anayepatikana na hatia ya kuchochea chuki ya kikabila aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa majadiliano, gawanyikeni watu watano watano. Kila kundi likumbuke neno moja lililosemwa hapa kwetu wakati wa kampeni, bila kumtaja aliyelisema. Jiulizeni lilisemwa wapi, mbele ya nani, wakati gani, na lilimtaka msikilizaji afanye nini. Kisha rudieni maswali yaleyale, mkidhani neno hilo limesemwa na mtu wa kabila lingine. Jibu likibadilika, elezeni kwa nini. Mnaweza kusoma Yakobo sura ya 3 kabla ya kuanza. Mwisho, angalieni katiba ya kikundi: je, inasema lolote juu ya mwanachama anayetukana kabila la mwenzake mkutanoni? Kama haisemi, mwenyekiti aliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, na katibu aandike yatakayokubaliwa.