Nani Hasikii Kazini Kwako?

Masomo: Matendo 2:1-11, Matendo 6:1-7

Wiki hii tunaongea juu ya kazini, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa stoo hapa Kisumu. Tulikuwa watu tisa, wanane Wajaluo na dada mmoja kutoka Ukambani. Kila asubuhi tulikuwa na mkutano mfupi. Nilikuwa naanza kwa Kiswahili, halafu baada ya dakika moja tunateleza kwa Dholuo, maana ndiyo inakuja haraka mdomoni. Hapo ndipo tulipanga nani atabaki jioni kushusha lori, na kazi ya jioni ina malipo yake. Miezi ikapita, yule dada hakuwahi kubaki. Nikasema moyoni, huyu hapendi kazi. Nafasi ya kupandishwa cheo ilipotokea, jina lake hata sikulitaja.

Siku moja akaniambia kwa heshima, "Mzee, mimi sikatai kazi. Huwa sijui mmesema nini."

Nilikosa jibu. Wengine walikuwa wakimwita jamwa, yaani mtu wa kutoka nje, na sisi tunacheka. Tulidhani ni mzaha tu. Lakini kila mwisho wa mwezi, yeye ndiye aliyekuwa analipia mzaha huo.

Wapendwa, sisi tunajiita Wapentekoste. Siku ile Roho aliposhuka, watu waliotoka Misri, Rumi, Krete na Arabuni walishangaa nini? Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Mungu angetaka, angewapa wote lugha ya Petro. Hakufanya hivyo. Alihakikisha mgeni amesikia.

Sasa fungua sura ya 6. Kanisa lile lile, lililojaa Roho, liliwasahau wajane wa Kiyunani wakati wa kugawa chakula. Hatuambiwi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walisahauliwa tu, na njaa ya kusahauliwa ni njaa. Mitume hawakusema, "Hawa wanapenda kulalamika." Waliambia kanisa lichague watu saba. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Mwiko wa kugawa ulipewa upande uliokuwa unakosa. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu lilienea.

Hata serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, jinsia, dini, ulemavu au hali yake ya HIV. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ilitungwa mwaka ule ule ambao sisi wa Kisumu tuliona majirani wa makabila mengine wakifunga mizigo na kuhama. Lakini sheria haiji kuketi kwa mkutano wenu wa asubuhi. Hapo ni mimi na wewe.

Nilimwomba yule dada msamaha mbele ya wote. Tukaanza kuandika zamu za jioni kwa Kiswahili na kuzibandika ukutani, na yeye ndiye aliyeshika kalamu. Pesa za miezi ile hazikurudi. Hilo bado linaniuma.

Ya kufanya wiki hii:

1. Ofisini, dukani au ufuoni, mtaje mbele za Mungu mtu mmoja anayekosa habari: wa kabila lingine, kiziwi, kibarua mpya.
2. Muulize yeye mwenyewe anakosa nini. Usijijibu kwa niaba yake.
3. Mpe jukumu, si huruma peke yake.

Tuombe: Bwana, tusamehe tuliowasahau, na utufungue masikio. Amina.