Mada ya 9: Kubadilisha Diski ya Kuwashia Katika Seva

Malengo ya mada

Baada ya kupitia mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza kazi ya diski ya kuwashia;
(b) kupanga hatua za kubadilisha diski iliyoharibika na kutoa sababu ya kila hatua;
(c) kutofautisha diski pacha na nakala rudufu;
(d) kukokotoa muda wa kunakili data kwenye diski mpya.

9.1 Utangulizi

Moshi ni mji wa ushirika. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Msingi wa kazi yote hiyo ni kumbukumbu. Mkulima akipeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, hupimiwa kilo, huandikwa jina na kupewa stakabadhi. Kumbukumbu zikipotea, kilo zake hubaki mdomoni na kwenye kipande cha karatasi alichoweka nyumbani.

Katika mada hii tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Chukulia chama cha msingi kilichoko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chenye seva moja ya daraja la kati. Seva hiyo ina diski mbili na inatunza hesabu za wakulima wote. Ni msimu wa kuvuna, malipo yanaandaliwa, na diski moja imeharibika.

9.2 Diski ya kuwashia ni nini?

Diski ya kuwashia ni ile inayobeba mfumo endeshi pamoja na programu ndogo inayouanzisha. Bila diski hiyo, seva hupata umeme na feni huzunguka, lakini haifanyi kazi yoyote.

Seva huwaka kwa mfuatano huu:

1. Programu iliyomo ndani ya chipu ya ubao mama (baiosi, au UEFI katika mashine za sasa) hukagua kumbukumbu, kichakato na vifaa vingine.
2. Programu hiyo hutafuta kifaa cha kuwashia kwa kufuata orodha iliyopangwa.
3. Husoma programu kipakizi kutoka kwenye diski.
4. Kipakizi huingiza kiini cha mfumo endeshi kwenye kumbukumbu.
5. Mfumo endeshi huanzisha huduma, kwa mfano programu ya hesabu za wakulima.

Katika mtindo wa zamani, kipakizi huanzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la sehemu za diski, na 2 ni alama ya kuthibitisha. Mtindo huu huhesabu sekta kwa namba ya biti 32, hivyo kwa sekta za baiti 512 kikomo chake ni kama terabaiti 2.2. Katika mtindo wa UEFI, kipakizi hukaa kama faili ndani ya sehemu maalumu ya diski.

9.3 Diski pacha

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, walichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu ili zifanye kazi kama diski moja. Mpangilio huo huitwa raidi, na una viwango mbalimbali. Seva nyingi za biashara hutumia kiwango cha 1 kwa diski ya kuwashia: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine huendelea na watumiaji wanaweza wasigundue.

Diski mbili za gigabaiti 600 katika raidi 1 hutoa nafasi ya gigabaiti 600, wala si 1,200, kwa sababu nafasi ya diski ya pili inashikwa na nakala.

Angalizo: Diski pacha si nakala rudufu. Karani akifuta orodha ya malipo kwa bahati mbaya, orodha hufutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Seva ikiibiwa au ikiungua, diski zote huondoka pamoja. Nakala rudufu ni ile iliyotengwa na seva na kuwekwa mahali pengine. Chama cha Kibosho, kwa mfano, kinaweza kuihifadhi Moshi mjini.

9.4 Dalili za diski iliyoharibika

- Taa ya diski hubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya machungwa au nyekundu.
- Programu ya usimamizi hutoa onyo kwamba pacha amepungua.
- Diski ya sahani hutoa mlio wa kugongagonga.
- Seva hupunguza kasi, au hukataa kuwaka na kusema hakuna kifaa cha kuwashia.

Dalili ya mwisho haitoshi kuthibitisha kwamba diski imekufa. Huenda kebo imelegea, flashi imesahaulika kwenye tundu na seva inajaribu kuwakia humo, au betri ya ubao mama imeisha na mipangilio imepotea. Kagua hayo kwanza. Hayagharimu diski mpya.

9.5 Hatua za kubadilisha diski

(A) Seva yenye diski pacha

*Hatua ya 1: Chukua nakala rudufu.* Data sasa imebaki kwenye diski moja tu. Mara nyingi diski hiyo ilinunuliwa siku moja na iliyokufa na imefanya kazi saa zilezile. Kunakili data kwenye diski mpya kutaifanya isomwe yote, mwanzo hadi mwisho. Kama nayo imechoka, inaweza kufia hapo.

*Hatua ya 2: Tambua diski iliyokufa kwa namba yake ya utambulisho.* Andika namba inayooneshwa na programu ya usimamizi, kisha ilinganishe na lebo ya diski au ya trei. Seva nyingi huweza pia kumulikisha taa ya diski unayoitafuta. Usitegemee nafasi peke yake, kwa kuwa mashine nyingi huhesabu kuanzia sifuri. Nafasi namba 1 ndiyo ya pili.

*Hatua ya 3: Chagua diski inayofaa.* Iwe na kiungio kilekile (SAS au SATA), aina ileile, na ukubwa usiopungua ule wa zamani. Ikipungua hata kidogo, kidhibiti cha diski kitaikataa.

*Hatua ya 4: Toa diski mbovu.* Kama seva inaruhusu kubadilisha diski ikiwa inawaka, bonyeza kitufe cha trei, ivute kidogo, subiri sahani zisimame, kisha itoe. Kama hairuhusu, izime kwa utaratibu na chomoa nyaya za umeme. Kumbuka kwamba seva ya daraja la kati huweza kuwa na nyaya mbili. Vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli.

*Hatua ya 5: Ingiza diski mpya.* Ikiwa iliwahi kutumika kwenye seva nyingine, inaweza kuwa na kumbukumbu za raidi ya zamani. Kidhibiti kikiuliza kama uzipokee, usikubali bila kusoma. Chaguo lisilo sahihi linaweza kuleta data ya zamani au kufuta iliyo hai.

*Hatua ya 6: Subiri data inakiliwe.* Kwa baadhi ya seva kazi hii huanza yenyewe. Kwa nyingine lazima uiagize. Hakikisha chanzo ni diski nzima na kinachojazwa ni diski mpya.

*Hatua ya 7: Hakikisha diski mpya inaweza kuwasha seva.* Pale ambapo upacha unasimamiwa na mfumo endeshi badala ya kidhibiti, mara nyingi data hunakiliwa lakini kipakizi hakinakiliwi. Kisakinishe kwenye diski mpya, iongeze kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia, na ujaribu muda ambao ofisi haina kazi. Ukiruka hatua hii seva itaonekana nzima, hadi siku diski ya pili itakapokufa na mashine kukataa kuwaka.

*Hatua ya 8: Andika kumbukumbu.* Tarehe, namba za diski zote mbili, na jina la aliyefanya kazi. Diski iliyotolewa ihifadhiwe au iharibiwe, maana bado ina majina na hesabu za watu.

(B) Seva yenye diski moja

Hapa hakuna pacha wa kunakiliwa. Zima seva, badilisha diski, iwashe kwa flashi ya usakinishaji, kisha rejesha mfumo na data kutoka kwenye nakala rudufu. Kama nakala ya mwisho ni ya Ijumaa na diski imekufa Jumatano, kazi ya kati ya siku hizo itaingizwa upya kutoka kwenye stakabadhi.

9.6 Kukokotoa muda wa kunakili

Muda = ukubwa wa diski ÷ kasi ya kunakili

*Mfano:* Diski ya gigabaiti 600 inanakiliwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Gigabaiti 600 ni megabaiti 600,000.

600,000 ÷ 100 = sekunde 6,000 = dakika 100, yaani saa 1 na dakika 40.

Makarani wakiendelea kuingiza kilo za wakulima na kasi ikashuka hadi megabaiti 50, muda huwa saa 3 na dakika 20. Kwa muda wote huo chama kinategemea diski moja.

9.7 Diski na mazingira ya mlimani

Kichwa cha kusomea cha diski ya sahani huelea juu ya sahani kwa msaada wa hewa iliyomo ndani. Hewa ikiwa nyepesi sana, kichwa hushuka na kinaweza kugusa sahani. Kwa sababu hiyo diski nyingi za aina hii zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita kama 3,000 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini na vijiji vya Kibosho, Machame na Marangu viko chini ya kikomo hicho. Kituo cha Horombo, ambako TTCL ilizindua huduma ya intaneti Agosti 2022, kiko mita 3,720. Kwa mahali kama hapo chagua diski isiyo na sehemu inayozunguka.

9.8 Swali la mfano

*Programu ya usimamizi inaonesha kuwa diski ya nafasi namba 1 imekufa. Fundi anatoa diski ya nafasi ya kwanza kutoka kushoto, na seva inazimika mara moja. (i) Eleza kilichotokea. (ii) Fundi afanye nini?*

*Jibu:* (i) Nafasi za seva hii zinahesabiwa kuanzia sifuri, hivyo nafasi ya kwanza ni namba 0. Fundi ametoa diski nzima na kuacha iliyokufa, na seva haina tena pa kusoma mfumo endeshi. (ii) Airudishe diski hiyo mahali pake palepale, asiingize diski mpya kwanza wala kuruhusu unakili wowote. Awashe seva, ahakikishe data ipo, achukue nakala rudufu, kisha atambue diski mbovu kwa namba ya utambulisho.

Kidokezo: Ukiulizwa hatua, zipange kwa mfuatano na uambatanishe sababu. Anayetaja "toa diski" kabla ya "chukua nakala rudufu" na "tambua diski" ameonesha kwamba hajaelewa hatari iliyopo.

Mazoezi

1. Taja mambo matatu yanayoweza kuzuia seva kuwaka ingawa diski ni nzima.
2. "Chama chetu kina diski pacha, hatuhitaji nakala rudufu." Pinga kauli hii kwa hoja mbili.
3. Jedwali la sehemu za diski lina nafasi 4, kila moja ya baiti 16. Onesha jinsi baiti 512 za sekta ya kwanza zinavyogawanyika.
4. Diski ya gigabaiti 480 inanakiliwa kwa megabaiti 60 kwa sekunde. Tafuta muda.
5. Kwa nini diski mpya ijaribiwe kuwasha seva hata kama data yote imeshanakiliwa?

*Majibu ya hesabu:* (3) 446 + (4 × 16) + 2 = 512. (4) Sekunde 8,000, yaani saa 2, dakika 13 na sekunde 20.