Mac mini mpya, au nifufue mashine zangu?

*Nina saiba Migori na nyingine Homa Bay. Vijana wanaisifu Mac mini ya M4. Zangu za Windows 10 zinajikokota mteja akifungua eCitizen. Ninunue? – Mama Saiba*

Usiharakishe, mama. Sifa ni za haki: ile ya 2024 ina kasi, na RAM inaanzia GB 16. Ila RAM hiyo huwezi kuiongeza baadaye, na fomu ya KRA haihitaji nguvu zote hizo. Huenda zako zinacheleweshwa na diski za zamani zinazozunguka. Weka SSD na ufikishe RAM GB 8, kwenye mashine moja kwanza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni Windows 10: msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025. Mashine isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, ihamishie Linux. Diski ikigongagonga, nakili faili leo, kisha umwite fundi.