Jifunze: Namna ya Kuhesabu Ndege wa Kaskazi Katika Kisiwa cha Sudi

Wakati Siberia imefunikwa na theluji, vitwitwi na chekeamwezi wa huko huwa hapa kwetu, wakichokoa minyoo katika matope ya hori ya Mida, Kaunti ya Kilifi. Pamoja nao yuko ndege mla kaa, mweupe, mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Yeye huzaliana katika fukwe za Oman na Ghuba, hutaga yai moja tu ndani ya shimo la mchangani, kisha huja na kinda wake. Hata akiwa huku, bado humlisha.

Kwa nini Januari?

Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza Ulaya mwaka wa 1967, hufanywa Januari kwa sababu ndege wametulia. Oktoba na Aprili wengi wako safarini, na mmoja aweza kuhesabiwa katika nchi mbili.

Hatua za kufuata

1. Angalia maji. Yakipwa, ndege hutawanyika. Bamvua likijaa, hukusanyika mahali palipobaki pakavu, kama vile Kisiwa cha Sudi. Fika mapema, kabla maji hayajajaa.

2. Kaa mbali na utumie darubini.

3. Hesabu ndege 20, utazame wamechukua nafasi kiasi gani. Nafasi hiyo ikiingia mara 15 katika kundi zima, andika 300.

4. Andika tarehe, saa na hali ya maji. Kundi likiruka, andika limeelekea wapi ili mwenzako asilihesabu tena.

Usiwarushe

Kila wanaporushwa, ndege hupoteza mafuta wanayoweka mwilini kwa safari ya kurudi. Mwenye mtumbwi apite mbali, na mbwa abaki nyumbani. Hori hii imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hivyo zungumza na maafisa wa KWS kabla ya kwenda.

Hesabu ya mwaka mmoja haitoshi. Mahali pale pale, mwezi ule ule, mwaka baada ya mwaka, ndipo tutajua kama wanapungua. Wakipungua, tutauliza: je, shida iko kwao, au ni mikoko na matope yetu? Swali hilo linatuhusu, kwani matope yanayowalisha ndege ndiyo yanayotupatia kaa na samaki.