Uvimbe Kuzunguka Jicho: Dalili za Hatari na Matibabu Yake

Kope iliyovimba na kuwa nyekundu huweza kuashiria maradhi mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayopishana mno kwa hatari. Maambukizi ya kwanza huishia kwenye kope, mbele ya utando mwembamba unaoitenga na tundu la jicho, yaani uwazi wa mfupa unaolihifadhi jicho pamoja na misuli na mishipa yake. Ya pili, ambayo wataalamu huyaita selulaitisi ya obiti, hukaa nyuma ya utando huo, na mara nyingi huanzia kwenye sinasi, ambazo ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, vilivyotenganishwa na tundu la jicho kwa mfupa mwembamba kama karatasi. Ndiyo maana mtoto mwenye mafua yaliyokawia huweza kuamka jicho limefumba kwa uvimbe.

Kwa kuwa uvimbe hulificha jicho, kuitazama kope peke yake hakutoshi. Mlezi akishanawa mikono kwa sabuni, huifunua kope taratibu bila kulibonyeza jicho, humwambia mtoto afuate kidole kwa macho pasipo kugeuza kichwa, kisha huliziba jicho zima ili ajue kama lile lenye uvimbe linaona. Likiwa limetokeza, linauma linapozungushwa, haligeuki, au mgonjwa anaona viwiliviwili au kwa ukungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Na kope isiyofunuka kabisa isilazimishwe, bali ihesabiwe kuwa ni dalili ya hatari.

Hospitalini daktari hupima uoni, mwendo wa jicho na jinsi mboni inavyoitikia mwanga, na inapowezekana huagiza picha ya CT ili aone kama usaha umekusanyika. Mgonjwa hulazwa na kupewa antibayotiki kwa mshipa, na usaha ukiwepo au uoni ukizidi kushuka, hufanyiwa upasuaji. Kwa mwenye kisukari, weusi puani au kwenye kaakaa huweza kuwa alama ya kuvu, ambayo huua haraka na huhitaji dawa nyingine kabisa.

Majani, maziwa ya mama na matone yaliyonunuliwa bila cheti cha daktari havifiki nyuma ya utando; hupoteza saa ambazo maambukizi huzitumia kuelekea kwenye ubongo. Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge avimalize vyote, hata kama uvimbe umekwisha.